Ujana ni Moshi

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Methali hii ni ya kweli, wala sina nia ya kuipinga. Lakini watu wengi huitumia kusema jambo ambalo wahenga hawakulisema, yaani kwamba mtu aliyepitwa na ujana hana budi kukaa kando na kuwatazama wengine. Historia ya michezo ina ushahidi mwingine, nami napenda kuuleta mbele yenu kwa habari za mwanamke mmoja wa Marekani, Dara Torres.

Torres alizaliwa mwaka 1967 katika jimbo la California. Akiwa msichana wa miaka 17, aliogelea katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, akapata nishani ya dhahabu pamoja na wenzake katika shindano la kupokezana. Alishindana tena Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992, kisha akaacha mashindano kwa miaka saba hivi. Aliporudi, katika michezo ya Sydney ya mwaka 2000, alikuwa na miaka 33, naye akapata nishani tano. Wengi walidhani kuwa huo ndio mwisho wake, tena mwisho mwema.

Mwaka 2006 Torres alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa ameogelea wakati wa mimba, na baada ya kujifungua aliingia katika mashindano ya watu wazima. Huko aliona kwamba kasi yake haijapotea. Mwaka 2007, akiwa na miaka 40, aliwashinda wasichana katika mita 100 za mtindo huru kwenye mashindano ya taifa lake.

Hata hivyo, hakujidanganya. Mwili wa miaka arobaini hauponi uchovu upesi kama ule wa miaka ishirini. Kwa hiyo alipunguza safari zake za bwawani, akaongeza mapumziko, mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha viungo, na kuwalipa watu wa kumsaidia. Walitokea pia waliomshuku kwamba anatumia dawa zilizokatazwa. Yeye hakuwajibu kwa matusi, bali alijitolea kupimwa zaidi ya desturi.

Mwaka 2008 alikwenda Beijing, umri wake miaka 41. Kabla ya nusu fainali ya mita 50, vazi la mshindani wake kutoka Sweden, Therese Alshammar, lilipasuka. Torres aliwaomba waamuzi wamngojee. Katika fainali, Britta Steffen wa Ujerumani alimaliza kwa sekunde 24.06, na Torres kwa sekunde 24.07. Dhahabu ilimponyoka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hata hivyo, alirudi nyumbani na nishani tatu za fedha. Tangu mwaka 1908, Mwingereza William Robinson alipopata nishani ya fedha akiwa na miaka 38, hakuna mwogeleaji mwenye umri mkubwa zaidi aliyewahi kupata nishani ya Olimpiki. Torres alilipita jambo hilo lililodumu miaka 100.

Mwaka 2012, akiwa na miaka 45, alijaribu tena kuingia katika timu ya taifa. Walihitajiwa wawili tu katika mita 50, naye akawa wa nne, nyuma ya yule wa pili kwa sehemu tisa tu za mia za sekunde. Hapo akaacha mashindano. Basi methali ilikuwa kweli: kila mwili una kikomo chake. Lakini kikomo hicho Torres alikifikia kwa kuogelea. Hakukubali kupangiwa na maneno ya watu.

Ninyi mnaosoma habari hizi mngali na ujana mikononi. Kesho mtamwona mama, mwalimu au jirani anayetaka kurudia masomo au kazi aliyoiacha zamani. Msimcheke kwa methali. Moshi huenda zake, lakini aliyehifadhi kaa la moto chini ya majivu huweza kupika tena.