Langley Pia Alianza na Ndege Ndogo

Kila msee anayeanza kurusha ndege za rimoti huambiwa kitu kimoja: anza na ndogo, kubwa itakuja. Ni ukweli, lakini ni nusu tu. Kuna mtu alianza na ndogo, akafaulu nayo, halafu kubwa ikamwaibisha mbele ya dunia nzima.

Anaitwa Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian kule Washington, Marekani. Tarehe 6 Mei 1896, ndege yake ndogo ya injini ya mvuke, bila mtu ndani, iliruka karibu kilomita moja juu ya Mto Potomac. Novemba mwaka huohuo nyingine ikaenda karibu kilomita moja na nusu. Hiyo si mchezo. Wizara ya Vita ikampa dola 50,000 atengeneze ya kubeba mtu.

Langley akachukua muundo uleule akaukuza karibu mara nne. Sasa hapo piga hesabu. Ukikuza ndege mara 4 kila upande, eneo la mabawa linaongezeka mara 16, lakini uzito, kama vifaa ni vilevile, unapanda mara 64. Fremu iliyokuwa ngumu ikiwa ndogo inaanza kupinda. Injini ilikuwa moto kweli, nguvu za farasi 52. Lakini rubani, Charles Manly, hakuwa amewahi kuruka na kitu chochote. Siku yake ya kwanza hewani ndiyo ilikuwa siku ya mtihani.

Tarehe 7 Oktoba 1903 ndege ilirushwa kutoka juu ya boti, ikaenda moja kwa moja majini. Tarehe 8 Desemba wakajaribu tena. Ikavunjika ikianza tu kuruka, na Manly akaponea chupuchupu kuzama kwenye maji baridi.

Siku tisa baadaye, tarehe 17 Desemba, ndugu wawili mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright, wakaruka. Injini yao ilikuwa na nguvu za farasi 12 hivi. Hawakuwa na pesa ya serikali.

Walikuwa na nini basi? Cheki ngazi yao. Mwaka 1899 walirusha tiara yenye mabawa ya mita 1.5, wakiipinda mabawa kwa kamba ili waone inavyogeuka. Mwaka 1900 wakatengeneza ndege isiyo na injini ya mita 5 hivi, 1901 ya karibu mita 7, 1902 ya karibu mita 10. Hiyo ya 1902 waliirusha mamia ya mara kwenye vilima vya mchanga, wakianguka, wakirekebisha, wakipanda tena. Injini ilikuja mwisho, kwa ndege ya mita 12, na kufikia hapo mikono yao ilikuwa inajua la kufanya upepo ukisukuma bawa moja.

Kuna watakaosema shida ya Langley ilikuwa fremu, si rubani. Sawa, fremu ilivunjika. Lakini hata ingeshika, nani angeiongoza? Ndege zake ndogo zilijirusha zenyewe. Zilithibitisha kwamba mashine inaweza kuruka, lakini hazikumfunza mtu yeyote kuruka. Kwa ndugu wa Wright, kila hatua ndogo iliacha kitu kwa mikono ya rubani.

Hapa ndipo stori inatugusa. Siku hizi ndege nyingi za rimoti za kuanzia zina kifaa cha kuisawazisha. Ukiachilia vijiti inajinyoosha yenyewe. Poa sana wiki za kwanza. Lakini ukikaa miezi sita hujawahi kukizima, wewe ni Langley. Ndege inajua kuruka, wewe hujui.

Kwa hivyo chukua ile ya povu, bawa likiwa juu ya mwili na ncha zimeinuka kidogo. Inaenda pole na inakusamehe. Irushe ikija kwako mpaka usichanganyikiwe, maana ikikugeukia, kulia kwake ni kushoto kwako. Jifunze kutua upepo ukiwa wa pembeni. Panda juu, punguza nguvu mpaka ikose kasi ya kuelea, halafu uiokoe. Kisha zima kile kifaa, urudie yote.

Ukiweza hayo bila kufikiria, ongeza saizi hatua moja, si tatu. Ya povu ikianguka unaipaka gundi na kurudi uwanjani. Ya kilo kumi na propela ya mbao ikikushinda, inaweza kumuumiza mtoto aliyekuja tu kutazama.

Niambie ukweli: umewahi kukizima?