Kisanduku cha Haraka na Kalamu ya Mwenyewe

Neno wiki lina asili ya kisiwani. Kwa lugha ya Hawaii, wikiwiki ni haraka. Mmarekani Ward Cunningham alilichukua kutoka kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, akaiita hivyo tovuti aliyoifungua tarehe 25 Machi 1995, ambayo kila msomaji aliweza kuisahihisha papo hapo.

Wazo hilo lilirejesha kilichopotea. Kivinjari cha mwanzo, alichokitunga Tim Berners-Lee mwaka 1990, kilikuwa cha kusoma na kuandika pia. Vilivyoenea baadaye, kama Mosaic ya 1993, vilimwachia mtu kusoma tu. Wiki ikamrudishia kalamu, lakini kalamu ya kuazima: kisanduku chembamba ndani ya kivinjari. Umeme ukizimika kabla ya kuhifadhi, kazi ya saa nzima huenda ikapotea.

Ilhali waandishi wa programu walikuwa na kalamu zao tangu zamani. Emacs ilizaliwa MIT mwaka 1976 mikononi mwa Richard Stallman na wenzake; mwaka huo huo Bill Joy aliandika vi huko Berkeley, na Vim ya Bram Moolenaar ikatoka 1991. Aliyevizoea vihariri hivyo, kisanduku kilimfunga mikono. Wengine walinakili matini, wakayahariri nje, kisha wakayarudisha. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, kwa miaka kadhaa iliruhusu kihariri cha nje. Na kiongezi cha Firefox kiitwacho It's All Text! kiliyafungua maandishi ya kisanduku katika kihariri akitakacho mtu. Firefox 57 ilipoacha kupokea viongezi vya mtindo wa kale, Novemba 2017, mlango huo nao ukafungwa.

Hata hivyo kalamu ya nje nayo ina hatari yake. Matini yakikawia nje, mwingine huubadilisha ukurasa, na mwenye kurudi hukuta mgongano wa kusuluhishwa. Haraka haraka haina baraka, lakini ukawiaji nao hugharimu.

Kwa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, jambo hili si la anasa. Pale mtandao unapokatika mara kwa mara, makala iliyoandikwa kwenye faili la mwandishi mwenyewe haiondoki pamoja nao. Husubiri, hata mtandao urejee.