M-Pesa ilivyovuka mpaka: somo kwetu watengeneza programu

Wengi hapa Likoni tunadhani programu ya simu ikishapita Lunga Lunga, kazi imekwisha. Historia ya M-Pesa inasema vingine.

Safaricom waliizindua Kenya Machi 2007. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania, lakini chini ya Vodacom, kampuni iliyosajiliwa kule. Jina lenyewe lilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, hadi Safaricom na Vodacom waliponunua kwa pamoja mwaka 2020.

Ethiopia kulikuwa kugumu zaidi. Safaricom na wenzao walisajili kampuni mpya, wakapata leseni ya simu mwaka 2021. M-Pesa ikangoja leseni ya benki kuu hadi Mei 2023, ikaanza Agosti.

Nimeipekua historia hii kwa sababu nataka kupeleka programu yangu Tanga. Nilichojifunza: programu huvuka mpaka kwa dakika moja, usajili hauvuki. Alama ya biashara uliyosajili KIPI hapa Kenya haikulindi Tanzania Bara. Kule ni BRELA. Zanzibar nako wana wakala wao. Kwa hiyo lisajili jina kwanza, wateja watafuata. Ukichelewa, unaweza kulikuta lina mwenyewe.