Kituo cha Vijana Kamenge, jirani wa Cibitoke

Jina lake limebeba Kamenge, lakini vijana wa Cibitoke wamekuwa wenyeji wake tangu mwanzo. Kilikusudiwa kuhudumia wenye umri wa miaka 16 hadi 30 kutoka mitaa sita ya kaskazini mwa Bujumbura: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. (Cibitoke hapa ni mtaa wa jijini, si ule uliokuwa mkoa mpakani na Kongo.) Waasisi ni wamisionari Wasaveri, miongoni mwao Padri Claudio Marano, Mwitaliano.

Milango ilifunguliwa mwaka 1993, pakiwa na maktaba, viwanja vya michezo na masomo ya lugha. Hakikupewa muda wa kujifunza kazi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaanza, na mitaa ikachujwa kwa kabila. Mhutu alihama Ngagara akiwa na alichoweza kubeba kichwani, Mtutsi naye akaikimbia Kamenge. Cibitoke, mtaa wa mchanganyiko, uliraruka. Vijana waliokusudiwa kuazima vitabu ndio hao hao waliotafutwa na makundi yenye silaha, kama lile la Sans Échec.

Mwaka 1995 ulikuwa mbaya kupita kiasi. Mwanzoni mwa Juni jeshi liliingia Kamenge na wakazi wakatawanyika. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, na baadhi ya wanafunzi wenzao wakatuhumiwa kushiriki. Watu waliokaa ukumbi mmoja wa mihadhara, wakanakili milinganyo ileile ubaoni na kula bwalo moja, hawakuwa wamefahamiana hata kidogo. Chuo kilidhani kwamba mtihani mmoja kwa wote unatosha kuwaunganisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo kituo cha Kamenge kilipokipita chuo, ingawa hakikuwa na profesa wala shahada ya kutoa.

Njia yake ilikuwa kuwapa vijana kazi ambayo mtu hawezi kuimaliza peke yake. Wakati wa likizo zilifanyika kambi za kujenga upya nyumba zilizobomolewa. Anayejua rukarakara, tofali la udongo lisilochomwa, anajua shughuli yake: mmoja anachota maji, wawili wanakanyaga udongo hadi magotini, mwingine anajaza kibao cha kufyatulia, na tofali likitoka limepinda, wote wanaliona. Kisha linaanikwa juani, na kesho yake lazima mrudi kuligeuza. Kijana wa Ngagara aliyefyatua tofali kwa ajili ya nyumba ya Kamenge alikuwa na jambo la kuwaeleza wa kwao jioni, na pengine la kuwaficha.

Si kwamba wenye kituo walikuwa salama. Tarehe 30 Septemba 1995, huko Buyengero kusini mwa nchi, mapadri wawili wa shirika lao, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, waliuawa pamoja na mlei wa kujitolea, Catina Gubert. Kituo kiliendelea kufungua milango.

Mwaka 2002 kilitunukiwa Right Livelihood Award, tuzo ya Sweden ambayo wengi huiita Nobel mbadala, kwa kuwaweka vijana pamoja katikati ya vita. Makubaliano ya amani ya Arusha yalikwisha kutiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini risasi zilikuwa bado zinalia kwenye vilima vinavyolizunguka jiji.

Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, Cibitoke ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoweka vizuizi barabarani, na kampasi ya Mutanga ikafungwa. Safari hii ugomvi ulianza kama wa siasa, na waandamanaji walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Wengi wao walizaliwa wakati ule mitaa ilipokuwa ikichujwa.