Kutoka Mchoro hadi Mvuke: Mfano Mdogo wa Garimoshi la Garratt la Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda kwa ajili ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki magarimoshi 34 ya namna moja, yakaitwa jamii ya 59, na kila moja likapewa jina la mlima au kilele cha nchi hizi. Hayo ndiyo magarimoshi ya mvuke yaliyokuwa makubwa kupita yote yaliyopata kwenda juu ya njia ya reli yenye upana wa mita moja. Kazi yao hasa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, safari ya kilomita 530 hivi, ianziayo usawa wa bahari na kuishia penye kimo cha zaidi ya mita 1,600. Yaliweza kupandisha treni ya tani 1,200 katika mwinuko wa asilimia 1.5. Ilipofika mwaka 1980 yote yalikuwa yamekwisha kuondolewa kazini. Mawili tu yamesalia, Mount Gelai na Mount Shengena, nayo yamo katika makumbusho ya reli huko Nairobi.

Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966. Lakini michoro yake haikutupwa, bali ilihifadhiwa pamoja na karatasi zake nyingine katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester. Basi mtu anayetaka kuijua historia ya chombo hiki leo ana mashahidi wa namna tatu: michoro iliyoko Manchester, vyombo viwili vilivyoko Nairobi, na picha pamoja na kumbukumbu za watu waliovitumia. Kuna njia ya nne, ambayo wanachuo huidharau kwa kuidhani mchezo wa watoto, nayo ni kuunda upya chombo kizima kwa kipimo kidogo, kitembee kwa mvuke wake chenyewe. Fundi anayefanya hivyo hulazimika kuwauliza wale mashahidi watatu maswali ambayo msomaji wa vitabu hana haja ya kuyauliza, kwa sababu chuma hakikubali jibu la takriban.

Mfano mdogo wa gari la mvuke si jambo geni. William Murdoch, aliyekuwa akifanya kazi kwa Boulton na Watt, aliunda mmoja wenye magurudumu matatu mnamo mwaka 1784, kabla halijapatikana garimoshi lolote juu ya reli. Wakati ule mfano ulitangulia chombo. Siku hizi mfano hufuata nyuma ya chombo kilichokwisha kupita, na kazi yake imegeuka: zamani uliulizwa kama jambo lawezekana, sasa waulizwa jambo lilikuwaje.

Garimoshi la Garratt lilibuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hati ya ubunifu wake mwaka 1907. Mawili ya kwanza yaliundwa na Beyer, Peacock mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania, na ya kwanza kuletwa katika reli ya Kenya na Uganda yalifika mwaka 1926. Umbo lake ni la ajabu kidogo kwa macho ya mtu aliyezoea garimoshi la kawaida. Boila haikukaa juu ya magurudumu, bali imewekwa katika kiunzi chake peke yake, na kiunzi hicho kimeegemea, mbele na nyuma, juu ya mitambo miwili iliyo kamili, kila mmoja na silinda zake na magurudumu yake. Tangi la maji limepanda juu ya mtambo wa mbele. Mafuta na maji mengine viko juu ya ule wa nyuma. Kwa kuwa chini ya boila hapana magurudumu, boila yaweza kuwa nene na sanduku la moto laweza kuwa pana na lenye kina. Na kwa kuwa chombo kimekatika mahali pawili, hupinda katika kona za njia kama jongoo apitaye kati ya mawe. Uzito umeenea juu ya ekseli nyingi, hata reli nyepesi ziweze kubeba chombo kizito.

Tuseme fundi ameazimia kuunda mfano wa jamii ya 59 utakaokwenda juu ya reli zenye upana wa inchi 5, yaani milimita 127, upana upendwao sana na mafundi wa Uingereza. Mita moja ikigawanywa kwa milimita 127 yapatikana 7.87, na hicho ndicho kigawanyo cha kila urefu ulioandikwa katika mchoro. Chombo cha meta 31.7 chawa na urefu wa mita 4. Gurudumu la kuendesha, ambalo kipenyo chake ni futi 4 na inchi 6, lawa milimita 174. Silinda za inchi 20 na nusu zawa milimita 66. Uzito haufuati kigawanyo hicho, bali hugawanywa kwa kigawanyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, yaani 488. Kwa hiyo chombo cha tani 252 za Kiingereza chashuka hadi kilo 520 na kitu. Mfano mdogo ni neno tu: chombo hiki hakiwezi kuinuliwa na watu wanne.

Hapo ndipo fundi huifungua michoro. Mchoro mkuu huonyesha chombo kizima kwa ubavu, kwa juu na kwa mikato, ukifuatwa na michoro ya kila kipande. Vipimo vimeandikwa kwa futi, inchi na sehemu za inchi. Msomaji mgeni hudhani kwamba kila jambo limo humo. La, halimo. Mchoro wa kiwandani haukuandikwa kwa ajili ya watu wote. Ulikuwa barua ya mtu wa ofisini kwa mtu wa karakana, na barua kama hiyo haisemi yale ambayo anayepelekewa ayajua tayari. Mfano ulio wazi ni vipande vya kusubu. Chuma kilichomiminwa katika kalibu hunywea kinapopoa, kwa kadiri ya sehemu moja katika mia. Mchoro huonyesha kipande kilivyo kikiisha kupoa. Mchonga vielezo vya mbao alikuwa na rula yake ya pekee, iliyorefushwa kwa kadiri hiyo, na kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Fundi wa leo akipima kwa rula ya kawaida vipande vyake vyote vitapungua. Kadhalika mambo ya kukazana na kulegea kwa vipande: ekseli ipigweje ndani ya gurudumu, pini ichezeje ndani ya tundu lake. Mengi ya hayo yalikaa katika vidole vya watu wa Gorton, na karakana ilipofungwa yalikwenda nao.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo ni kuuamini mchoro kuliko ustahilivyo. Mchoro wa mwaka 1955 waeleza chombo kama kilivyoagizwa, wala hauelezi kama kilivyoishi. Katika miaka ya 1960 magarimoshi ya jamii hii yaliwekewa kifaa cha kutolea mvuke kilichobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria. Badala ya dohani ya duara ikawekwa dohani bapa, nyembamba, na chini yake matundu kadhaa ya mvuke yaliyopangwa kwa mstari mmoja, ili moto uvutwe vizuri zaidi kwa mvuke ule ule. Fundi anayefuata mchoro wa kwanza ataunda dohani ya duara. Anayefuata kumbukumbu za watu walioliona garimoshi mwaka 1970 ataunda bapa. Wote wawili wana haki. Asiye na haki ni yule achanganyaye dohani ya mwaka 1955 na rangi na vifaa vya mwaka 1970, kwa kuwa ameunda chombo ambacho hakikuwapo siku hata moja. Basi swali la kwanza katika kupanga kazi hii si kipimo wala chuma, bali tarehe.

Tena michoro yaweza kubeba matumaini ambayo chombo hakikuyatimiza. Magarimoshi haya yalisanifiwa yaweze kugeuzwa, bila taabu kubwa, yaende juu ya njia yenye upana wa futi 3 na inchi 6, kwa kuwa ilitazamiwa kwamba huenda reli za Afrika Mashariki zikaungana siku moja na zile za kusini. Hayakugeuzwa kamwe. Mtu anayeitazama Mount Gelai iliyosimama Nairobi hatalisoma jambo hilo kwa urahisi. Anayesoma michoro kwa nia ya kuunda atakutana nalo, na itambidi aamue kama ataliweka katika mfano wake au ataliacha.

Inafaa kusimama kidogo penye jina. Waswahili walikiita chombo hiki gari la moshi, baadaye garimoshi, kama walivyoiita meli ya namna hiyo merikebu ya moshi. Walikipa jina kwa kile kionekanacho. Wahandisi hukiita kwa mvuke, ambao ndio nguvu yenyewe. Wako walioona jina la Kiswahili kuwa na upungufu kwa ajili hiyo. Lakini katika dohani moshi na mvuke hutoka pamoja, na mvuke utokao ndio uvutao hewa ipite motoni. Pasipo mvuto huo moto hufifia na mvuke hukoma. Mtu aliyekwisha kuhangaika na dohani ya mfano mdogo hataliona jina hilo kuwa na kasoro.

Hata fundi akiusoma mchoro sawasawa, amebakiwa na shida iliyo kubwa zaidi: maumbile hayakubali kugawanywa. Bomba la boila lenye kipenyo cha milimita 50 likigawanywa kwa 7.87 halizidi milimita 6 na kidogo, na hewa ya moto haipiti humo vema, tena masizi huliziba mara moja. Kwa hiyo huwekwa mabomba machache yaliyo mapana kuliko kipimo, na ndani ya boila mfano huacha kufanana na asili yake. Magarimoshi yenyewe yalichoma mafuta mazito. Lakini tone la mafuta na ulimi wa moto havipungui kwa sababu sanduku la moto limepungua, na mafundi wengi huchagua makaa ya mawe. Boila ya asili ilikuwa ya chuma cha pua. Ya mfano huundwa kwa shaba nyekundu iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha, kwa kuwa bamba jembamba la pua huliwa na kutu upesi. Shaba nayo ni laini kuliko pua, basi unene wake hauwezi kuchukuliwa kutoka katika mchoro, bali hupigiwa hesabu upya. Kabla ya kuwashwa moto boila mpya hujazwa maji na kushindiliwa hadi mara mbili ya nguvu itakayofanyia kazi, maana maji yakipasua boila humwaga tu, na mvuke ukipasua boila huua.

Jambo la ajabu kuliko yote liko katika nguvu za kuvuta. Chombo cha asili kilifanya kazi kwa ratili 225 kwa inchi mraba, na nguvu yake ya kuvuta ilikuwa ratili 83,350. Uzito uliolalia magurudumu ya kuendesha ulikuwa zaidi ya mara nne ya nguvu hiyo, kwa hiyo magurudumu yalishika reli. Sasa, nguvu ya silinda hufuata eneo la pistoni, nayo hugawanywa kwa 62 tu. Uzito hugawanywa kwa 488. Hata fundi akishusha mvuke hadi ratili 80, nguvu ya mfano itakuwa karibu kilo 217, na uzito ulio juu ya magurudumu hautapita kilo 340 kwa mengi. Ile mara nne imekuwa mara moja na nusu. Mfano una nguvu kuliko miguu yake, na dereva akifungua mvuke kwa pupa magurudumu huzunguka mahali pamoja. Aliyefuata mchoro kwa uaminifu kamili ndiye apatwaye na hayo. Wengine hupunguza kipenyo cha silinda kwa ndani, na kwa nje huacha umbo lile lile la mchoro.

Viungo vya bomba la mvuke navyo vyataka uangalifu. Katika Garratt mvuke hutoka kwenye boila isiyopinda, uende kwenye mitambo inayopinda, na lazima upite katika viungo vya duara vinavyocheza bila kuvuja. Uwazi wa sehemu ya kumi ya milimita, ambao katika chombo kikubwa si kitu, katika kidogo hupoteza mvuke mwingi. Aghalabu mafundi hukereza viungo hivi kabla ya kingine chochote, wavijaribu mezani kwa hewa, kisha ndipo waendelee na magurudumu.

Yaliyobadilishwa hivi kwa kulazimika yapasa kuandikwa, kipande kwa kipande, pamoja na sababu. Pasipo maandishi hayo, mtu atakayekuja baada ya miaka mia moja atapima mabomba ya mfano na kudhani kwamba ndivyo yalivyokuwa mwaka 1955. Na maandishi hayo yatataka maneno. Michoro ya Manchester hutaja kila kipande kwa Kiingereza, maana iliandikiwa Waingereza. Madereva, wachochea moto na mafundi wa Nairobi walikuwa na majina yao kwa vipande hivyo hivyo, mengine ya kukopa yaliyotamkwa Kiswahili, mengine ya kubuni, na katika mchoro hayana mahali. Fundi aendaye Nairobi kupima Mount Shengena angefanya vema kuchukua, pamoja na rula na daftari, mzee mmoja aliyeitumikia jamii ya 59, amwombe aguse kila kipande na kukitaja. Walioingia kazini wakiwa vijana katika miaka ya mwisho ya magarimoshi hayo sasa wamepita umri wa miaka sitini.