Salfasalazini na Suala la Chanzo cha Mchochota wa Utumbo Mpana, 1942–1977

Nanna Svartz, daktari wa Stockholm, aliamini kuwa ugonjwa wa baridi yabisi ulitokana na bakteria. Kwa imani hiyo, akishirikiana na kampuni ya Pharmacia, aliunganisha dawa mbili katika molekuli moja: salfapiridini ya kupambana na bakteria, na dawa ya jamii ya aspirini ya kutuliza mchochota. Mwaka 1942 alichapisha matokeo ya salfasalazini, yakiwamo ya wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana, ambao walipata nafuu.

Nafuu hiyo haikuthibitisha nadharia yake. Bakteria wa utumbo mpana huivunja salfasalazini. Je, ni sehemu ipi inayotibu? Mwaka 1977, huko Oxford, Azad Khan, Piris na Truelove waliwapa wagonjwa enema za dawa nzima au za sehemu yake mojawapo. Salfapiridini haikuleta nafuu ya maana; mesalazini, ile sehemu ya pili, ilifaa kama dawa nzima.

Kwa miaka 35, basi, wagonjwa walivumilia kichefuchefu na maumivu ya kichwa yaliyotokana hasa na sehemu isiyowatibu. Ingawa, kwa haki, ni salfapiridini iliyoifikisha mesalazini kwenye utumbo mpana bila kufyonzwa njiani.