Buli, birika na kyusu

Buli (nomino, ngeli ya LI-YA, wingi: mabuli) ni chombo chenye mdomo, mkono na kifuniko ambamo majani ya chai hutiwa maji ya moto na kuachwa yatoe ladha. Birika (LI-YA, wingi: mabirika) ni chombo cha kuchemshia maji, nacho huwekwa motoni. Katika mazungumzo birika hubeba maana zote mbili, wala hapana dhara, kwa kuwa chai ya maziwa huchemshwa katika sufuria kabla ya kumiminwa katika chombo cha mezani. Mfasiri wa maandishi kuhusu chai ya kijani ya Japani hana uhuru huo.

Kyusu ni buli. Tetsubini, chombo cha chuma cha kusubu cha kuchemshia maji, ni birika. Anayeandika “weka birika la udongo jikoni” mahali pa kyusu humfanya msomaji apasue chombo. Utata huzidi kwa sababu vyombo vidogo vya chuma vilivyopakwa enameli ndani huuzwa kwa jina la tetsubini, ilhali ni mabuli na havifai kuwekwa motoni. Basi mfasiri atazame kazi ya chombo, asitazame kilivyoumbwa.

Kyusu iliyozoeleka ina mkono uliochomoza ubavuni, si nyuma ya mdomo, ili mmiminaji ashike mkono huo na kuzuia kifuniko kwa kidole gumba. Anayetumia mkono wa kushoto atafute iliyogeuzwa. Ukubwa wa mililita 200 hadi 300 watosha watu wawili au watatu, kwani vikombe ni vidogo na chai humiminwa yote hadi tone la mwisho. Majani yakibaki majini, kinywaji huwa kichungu na chenye ukakasi. Sencha hutaka maji ya nyuzi 70 hadi 80 za selisiasi, kwa muda wa dakika moja hivi. Iwapo majani yamevunjikavunjika, chujio la ndani liwe na matundu madogo sana.

Kyusu za Tokoname, katika mkoa wa Aichi, hujulikana kwa udongo mwekundu usiopakwa utando wa kioo. Udongo wa namna hiyo hushika harufu: buli lililozoea iliki na mdalasini halifai tena kwa sencha. Mwenye kupenda chai za aina nyingi achague kauri.

Kuhusu kitenzi, “kupika chai” na “kuchemsha chai” vyafaa chai ya maziwa. Kwa chai ya kijani tumia “kuloweka majani”, au eleza tendo lenyewe:

Si sahihi: Chemsha sencha katika birika kwa dakika moja.

Sahihi: Tia sencha katika buli, mimina maji yaliyopoa kidogo, funika, subiri dakika moja.